Kasi ya Risasi ya Kupakia kwa Mkono: Maswali ya Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: risasi niliyopakia mwenyewe, yaani niliyoijaza baruti na kuitia kichwa kwa mkono, inatoka na kasi gani? Tumechagua sita. Majibu haya ni kwa mwenye leseni ya silaha na kibali cha kupakia risasi, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali. Uzito wa baruti hatuuandiki hapa. Huo utoke kwenye kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti uliyonayo, kwa aina ileile ya kichwa cha risasi, basi.

SWALI: *Wahariri, salamu. Nina bunduki ya .30-06 yenye mtutu wa inchi 22, vichwa vya risasi vya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito). Kitabu kinasema futi 2,700 kwa sekunde. Kronografu, kile kifaa cha kupima kasi ya risasi, sina, na huku Chunya sijui wa kumwazima. Naweza kujua kasi yangu ya kweli? — Mwindaji, Chunya*

JIBU: Unaweza kuikaribia, na tutakwambia kwa kiasi gani. Kwanza geuza vipimo. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo futi 2,700 ni mita 823 kwa sekunde, yaani 823 m/s. Kisha tazama ukurasa wa kitabu unaotaja mtutu uliotumika kupimia. Mara nyingi ni wa inchi 24. Wako ni mfupi kwa inchi 2. Kwa risasi za kawaida kama yako, kila inchi inayopungua huondoa kati ya 6 na 9 m/s, na kwa zile za magnum, zenye baruti nyingi zaidi, hupungua zaidi. Toa 12 hadi 18, unabaki na makisio ya 805 hadi 811 m/s. Hayo bado ni makisio ya mezani: mitutu miwili ya urefu mmoja, hata ya kiwanda kimoja, inaweza kutofautiana kwa zaidi ya hapo.

Hatua ya pili ni kuiacha risasi yenyewe iseme, kwa kupima inavyoshuka. Risasi ya polepole hukaa hewani muda mrefu zaidi, na uvutano wa dunia huivuta chini zaidi. Tafuta uwanja unaoruhusiwa, wenye kilima cha udongo nyuma ya shabaha. Pima mita 100 na mita 300 kwa utepe wa wapima viwanja, ule wa mita 50. Hatua za miguu hazitoshi hata kidogo. Utaona sababu hapa chini. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, na piga risasi 10 kwenye mita 100. Usiangalie tundu lililo zuri. Pima urefu wa kila tundu kutoka mstari mmoja, jumlisha, gawa kwa 10, na urekebishe darubini mpaka wastani huo uwe katikati ya shabaha. Ukishagusa darubini, piga tena 10 kuthibitisha.

Sasa sogea mita 300 bila kugusa darubini. Bandika karatasi yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, chora mstari wa wima kwa kufuata timazi, weka alama ya kulengea karibu na juu, na piga risasi 10 ukilenga alama ileile. Piga tatu, acha mtutu upoe, piga tatu nyingine. Wastani wa matundu uko sentimita ngapi chini ya alama? Hiyo ndiyo namba unayoitafuta. Ingiza kwenye programu ya kukokotoa mwendo wa risasi: urefu wa darubini juu ya mtutu (katikati ya kioo hadi katikati ya tundu la mtutu, kwa kawaida sentimita 4 hadi 5), namba iliyoandikwa BC kwenye boksi la vichwa (inaonyesha jinsi kichwa kinavyopenya hewa), joto la hewa na mwinuko wa mahali. BC hupimwa kwa kulinganisha na vichwa vya mfano, G1 au G7; kama boksi linasema G1, chagua G1. Ukichagua G7 kwa namba ya G1, majibu yote yatakuwa ya uongo. Baada ya hapo badilisha kasi kidogo kidogo mpaka programu ikupe mshuko ulioupima. Kwa kichwa cha greni 180 kinachotoka na 823 m/s kwenye mwinuko wetu, tegemea karibu sentimita 45.

Ugumu wa njia hii uko kwenye makosa yake. Tofauti ya 15 m/s inaonekana kwenye karatasi ya mita 300 kama sentimita 2 tu. Kwa hiyo ukikosea nusu sentimita kwenye mita 100, kosa hilo huzaa mara tatu likifika mita 300, linakuwa sentimita moja na nusu, na tayari umepotoka kwa 11 m/s. Ukisema ni mita 300 kumbe ni 295, umepotoka kwa 15 m/s kabla hujafyatua. Ukifanya kila kitu kwa uangalifu, chukulia jibu lako lina nafasi ya 15 m/s juu au chini. Kwa kumpiga mnyama mahali panapostahili hiyo inatosha kabisa. Kwa kuamua kama baruti yako imezidi haitoshi, na usiitumie kwa kazi hiyo.

SWALI: *Nimenunua kronografu ya vihisio viwili vya mwanga. Risasi moja inasoma 820, inayofuata 1,104, nyingine haisomi kabisa. Nimeambiwa nirudishe dukani. — Msomaji, Mafinga*

JIBU: Usirudishe bado. Kifaa hiki huona kivuli cha risasi kikipita juu ya kihisio cha kwanza, kinaanza kuhesabu, na kinasimama kivuli kikipita juu ya cha pili. Kwa nafasi ya sentimita 60 na kasi ya 825 m/s, muda wote huo ni sekunde 0.00073. Kitu chochote kingine kinachotikisa mwanga ndani ya muda huo kitaingia kwenye hesabu.

Kosa la kwanza tunalolishuku ni umbali. Kama umekiweka mita moja au mbili mbele ya bunduki, wimbi la mlipuko na punje za baruti ambazo hazijaungua huingia kwenye vihisio. Zikiamsha cha kwanza mapema, saa inaanza kabla ya wakati na kasi inasomeka ndogo. Zikiamsha cha pili mapema, inasomeka kubwa kama hiyo 1,104 yako. Weka kifaa mita 3 hadi 5 kutoka mdomo wa mtutu. Kama bunduki ina kipunguza mtikisiko mdomoni, chukua mita 5, na simamisha mbele yake ubao wa plaiwudi wenye tundu la upana wa sahani ili uzuie wimbi. Mafinga hamkosi mbao; stendi nzito ya paini haitikisiki kama miguu ya kamera inavyotikisika.

Kosa la pili ni mwanga. Vihisio viwili lazima vipate mwanga sawa. Kimoja kikiwa juani na kingine kwenye kivuli cha mti, kifaa kinachanganyikiwa. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, hugonga ubavu wa risasi na kuifanya ing'ae badala ya kuleta kivuli. Anga lenye mawingu meupe ndilo bora kuliko yote. Siku ya jua kali, funga vile vifuniko vyeupe juu ya vihisio. Chini ya paa lenye taa za umeme usipime, kwa sababu taa nyingi hupepesa hata kama jicho halioni.

La tatu ni mstari. Toa bolti, chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma, na uhakikishe unaiona shabaha kupitia katikati ya fremu zote mbili. Risasi ipite sentimita 10 hadi 15 juu ya vihisio. Kama kifaa ni cha kukunja, hakikisha bawaba imefunguka hadi mwisho: ikibaki imejikunja kiasi cha kupunguza nafasi kwa milimita 3, kila risasi itasomeka haraka kwa 4 m/s, na hutagundua kwa sababu zote zitakosea pamoja. Betri nayo iwe mpya. Baridi ya Mufindi huichosha betri iliyozeeka.

Ukimaliza, pima kifaa chenyewe kwa risasi za .22 za kawaida kutoka boksi moja. Zile zisizovuka kasi ya sauti huandikwa karibu 320 hadi 330 m/s. Zikisoma hapo, na zikikaa pamoja, kifaa kizima. Andika pia umbali wa kifaa: kikiwa mita 4 mbele, ongeza 2 hadi 3 m/s upate kasi ya mdomoni.

Wanaotumia rada ndogo za mezani, kama LabRadar au Garmin Xero, wanaepuka karibu matatizo yote ya mwanga. Nazo lazima zielekezwe sawasawa na mstari wa risasi. Kifaa cha aina ya kufungwa kwenye mtutu husoma vizuri, lakini uzito wake huhamisha mahali risasi inapotua, kwa hiyo usirekebishe darubini kikiwa kimefungwa.

SWALI: *Nimepiga tano za mchanganyiko wa kwanza, wastani 825. Tano za mchanganyiko wa pili, wastani 829. Nichague wa pili? — Msomaji, Njombe mjini*

JIBU: Hapana, hujaona tofauti yoyote bado. Ulituandikia namba za kwanza: 818, 824, 829, 821 na 833. Wastani ni 825 kweli. Toa wastani kwenye kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, unapata 49, 1, 16, 16 na 64, jumla 146. Gawa kwa 4, tafuta kipeo cha pili: mtawanyiko ni 6 m/s. Wastani wa risasi tano zenye mtawanyiko wa 6 unaweza kuyumba kwa karibu 3 m/s bila sababu yoyote. Kama mchanganyiko wa pili unatawanyika hivyohivyo, pengo la 4 kati ya wastani mbili za namna hiyo linaweza kuwa la bahati tu. Piga 15 za kila mmoja, ukibadilishana, moja huku moja kule, ili joto la mtutu liwaguse wote sawa. Na usifute namba kwa kuwa hukuipenda. Ifute tu kama unaweza kutaja sababu, mfano kivuli cha wingu kilipita juu ya vihisio wakati huohuo.

SWALI: *Shikamooni. Nilipanga bunduki Makete mwezi Julai, alfajiri yenye umande wa barafu. Oktoba nashuka Usangu kwenye joto. Nimeambiwa hewa ya mlimani ni nyepesi, nikishuka risasi itaangukia chini. Ni kweli? — Kijana wenu, Makete*

JIBU: Marahaba. Aliyekuambia kasema nusu ya ukweli. Mwinuko haugusi kasi ya risasi inapotoka mdomoni. Unagusa jinsi hewa inavyoizuia baadaye. Na uzito wa hewa hauamuliwi na mwinuko peke yake, joto nalo lina neno. Fanya hesabu: kwenye mwinuko wa mita 2,200, nyuzi 5 za alfajiri, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 0.97. Kwenye mita 1,050, nyuzi 32 za mchana, ni karibu kilo 1.02. Tofauti ni asilimia 5 tu! Baridi ya Makete imeirudishia hewa uzito ambao mlima uliiondolea. Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 ni kama kilo 1.16, na huko ndiko ungeona tofauti: kwa kichwa cha greni 180 kwenye mita 300, mshuko ungeongezeka kwa takriban sentimita 3 kuliko huko kwenu.

Kinachokuhusu zaidi ni joto la baruti. Baruti yenye joto huungua haraka, presha inapanda na kasi nayo. Baruti nyingi za kawaida huongeza karibu nusu m/s kwa kila nyuzi moja. Zilizotengenezwa kuvumilia joto huongeza kama 0.2, na baadhi za punje za mviringo hukaribia 0.9. Kutoka nyuzi 5 hadi 32 ni nyuzi 27. Hiyo ni 5 m/s kwa baruti tulivu, 13 hivi kwa ya kawaida, 24 kwa ile yenye hasira. Kwa hiyo Usangu risasi yako huenda ikatoka *haraka* zaidi, kinyume na ulivyoambiwa. Hatari iko kwa aliyepakia hadi kikomo cha kitabu kwenye baridi ya Julai: Oktoba mchana, risasi zikiwa zimeachwa juu ya dashibodi ya gari, kikomo kimevukwa bila mtu kuongeza hata punje moja. Zibebe kwenye mfuko wa ngozi chini ya kiti, au zifunge ndani ya blanketi.

Na mtego mmoja wa programu za simu. Presha ya hewa unayoisoma kwenye utabiri wa hali ya hewa imeshageuzwa kana kwamba uko usawa wa bahari, ndiyo maana inakaribia 1,013 hata ukiwa Makete. Ukiiingiza kama presha halisi ya mahali, programu itadhani uko ufukweni. Ama ingiza mwinuko pamoja na presha ya utabiri, ama ingiza presha halisi ya kipimo chako cha mkononi na uache mwinuko. Usichanganye.

SWALI: *Nafundisha fizikia kidato cha sita. Naweza kuwaonyesha wanafunzi upimaji wa kasi ya risasi bila vifaa vya elektroniki? — Mwalimu, Iringa*

JIBU: Ndiyo, Mwalimu, kwa pendulamu, njia ambayo Benjamin Robins wa Uingereza aliichapisha mwaka 1742. Bunduki ya kuwindia isisogelee shule. Tumia bunduki ya upepo, ishikwe na mwenye kibali, wanafunzi wote wakiwa nyuma yake na wamevaa miwani ya kinga.

Jaza kikopo kwa udongo wa mfinyanzi uliolainika, jumla gramu 200. Kitundike kwa nyuzi nne zenye urefu wa mita 1.5, mbili mbele na mbili nyuma, kisizunguke kikipigwa. Uzi mmoja tu utakiacha kijizungushe na nguvu itapotea kwenye mzunguko. Nyuma yake laza kipande cha karatasi ngumu juu ya rula ili kikopo kikisukume na kukiacha kilipofika mwisho. Pima kwanza muda wa bembea 20 na ugawe kwa 20. Kwa urefu huo utapata sekunde 2.46. Kasi ya kikopo baada ya kupigwa ni umbali kilioenda, mara 2π, gawa kwa muda huo. Kikienda sentimita 19.5, kasi yake ni mita 0.5 kwa sekunde. Risasi ya gramu 0.5 iliyoingia ndani ya gramu 200 inakupa uwiano wa 401, kwa hiyo ilikuja na takriban 200 m/s.

Waulize wanafunzi kwa nini wasitumie nishati badala ya momenta. Atakayesawazisha nishati ya mwendo kabla na baada atapata 10 m/s, kasi ya jiwe lililorushwa kwa mkono. Nishati kabla ni jouli 10, baada ni jouli 0.025. Zilizobaki zimeishia kwenye udongo, kama joto na shimo, na shimo hilo wanaweza kuliingiza kidole.

SWALI: *Kronografu yangu inasoma 30 m/s juu ya kitabu kwa baruti ileile, mtutu uleule wa inchi 24, na matundu yanakaa pamoja vizuri sana. Nimepata mchanganyiko wa dhahabu? — Msomaji, Tukuyu*

JIBU: Acha kufyatua kwanza. Kasi hiyo ya ziada imelipiwa na presha, na presha hupanda haraka kuliko kasi. Mitutu mingine ni ya haraka kwa asili, hilo lipo, lakini usilichukue kuwa jibu mpaka umemaliza mengine yote.

Anza na mizani. Je, inasoma greni au gramu? Gramu moja ni greni 15.43, na mizani nyingi za kidijitali hubadilisha kipimo kwa kitufe kimoja kinachoguswa bila kukusudia. Iweke uzito wa majaribio juu yake kabla ya kila kazi. Kisha linganisha jina la baruti kwenye kopo na kitabu, herufi kwa herufi, kwa sababu majina mawili yanayotofautiana kwa namba moja yanaweza kuwa baruti mbili tofauti kabisa. Tazama maganda: ya kijeshi mara nyingi ni mazito, nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile huleta presha kubwa zaidi. Pima urefu wa risasi nzima. Kichwa kilichokaa nje mpaka kinagusa mifereji ya mtutu hupandisha presha tangu mwanzo.

Halafu soma maganda uliyokwisha piga. Bolti ilikuwa ngumu kuinua? Fataki, vile vidonge vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, zimebanjuka mpaka ukingo wake wa mviringo umepotea? Kuna alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, pale shaba ilipoingia kwenye tundu la kitoleo, kile kipini cha bolti kinachorusha ganda nje? Fataki mpya inaingia kwa kulegea? Lolote kati ya hayo ni dalili ya kuzidi. Kutokuwepo kwake si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa baadhi ya bunduki hazionyeshi dalili mpaka presha iwe juu sana.

Risasi zilizobaki kwenye boksi usizimalize kwa kufyatua. Ng'oa vichwa kwa nyundo ya kung'olea, moja moja, ukivaa miwani. Baruti iliyotoka, kama huna uhakika ni ya kopo gani, imwage kwenye bustani ikaoze, usiirudishe kwenye kopo. Anza upya kwenye uzito wa kuanzia wa kitabu, panda hatua kwa hatua, na simama pale kasi ya kitabu inapofikiwa, hata kama uzito wa kitabu haujafikiwa. Na kurudi chini kusipite uzito wa kuanzia, maana baruti za polepole zikiwekwa kidogo mno zina hatari yake: zinaweza kuchelewa kuwaka, na presha ikapanda ghafla bila kutabirika.